Maumivu Bila Daftari

Hotuba iliyotolewa mbele ya wafanyakazi wa kiwanja cha ndege na familia zao, Tanga mjini, katika juma la Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 28 Aprili. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu.

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu wafanyakazi, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnasubiri kuitwa zamu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi.

Kabla sijapewa kipaza sauti, dada mmoja wa usafi alinisalimia pale mlangoni, akanipa mkono wa kushoto. Kwetu Pwani mkono wa kushoto hautolewi bila sababu, na yeye alilijua hilo, maana aliniomba radhi kabla sijauliza. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Nikamuuliza ameumia lini, akasema siku kumi na mbili zilizopita, mlango wa toroli ulimbana. Nikamuuliza kama ameandikisha. Akacheka kidogo, akaniambia, "Baba, kidole tu hiki." Amenipa ruhusa niliseme jambo lake bila kumtaja jina, nami nitalirudia kabla sijashuka hapa.

Nimefanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya ndege kwa miaka ishirini na mitatu. Nilianzia kwenye kiwanja kikubwa, mbali na hapa, kisha nikarudi nyumbani Tanga. Kwa hiyo sikuja kuwasomea vifungu vya sheria kama wakili, kwa sababu mimi si wakili. Nimekuja kuzungumza kuhusu mwili wa mtu anayefanya kazi uwanjani, na kuhusu karatasi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba maumivu nayo bila daftari hupotea bila habari, isipokuwa kwa yule anayelala nayo.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu wa nje akisikia ajali ya uwanja wa ndege, anafikiria ndege imeanguka na moshi unapanda. Sisi tuliomo ndani tunajua kwamba watu wengi wanaumia siku ambayo kila ndege imetua salama na kila abiria amefika kwake. Nani kati yenu hajaumwa mgongo? Naomba anyooshe mkono. Mnaona wenyewe: hakuna mkono.

Mgongo ndugu zangu ndio unaoula uwanja huu, au niseme uwanja ndio unaoula mgongo. Mnajua kwamba mashirika mengi ya ndege yanamruhusu abiria wa daraja la kawaida begi la kilo 23, na kwamba mzigo mmoja ukizidi kilo 32 haupokelewi kama begi la kawaida la abiria. Hiyo 32 ndege haiihitaji, kwa kuwa ndege kubwa haishtuki kwa kilo arobaini. Mpaka ule umewekwa kwa ajili ya mtu anayelinyanyua begi. Kwa hiyo wewe uliye kaunta, abiria akikusihi umpitishie sanduku lililojaa tende, vitenge na pasi mbili za umeme, nawe ukamwonea huruma, fahamu kwamba huruma hiyo kuna mwenzako nyuma ya ukuta anayeilipia kwa pingili zake.

Hapa kwetu mnaweza kusema ndege zetu ni ndogo na mizigo ni midogo. Ni kweli kwamba katika safari za visiwani abiria wanabanwa hata kwenye kilo 15. Lakini mmeitazama vizuri Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja? Sehemu kubwa ya mizigo inaingia kwenye lile sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, na mpakiaji analisukumia begi ndani akiwa amechuchumaa au amepiga magoti, mgongo umepinda, mikono imenyooka mbele, kisha anageuka kiuno kuchukua jingine huku amebeba. Kilo 15 zinazobebwa namna hiyo, mara arobaini kabla ya saa nne asubuhi, zina uzito ambao mizani haiuonyeshi.

Baada ya mgongo kuna sikio. Nilikuwa na rafiki, mtu mzima kuliko mimi, kazi yake ilikuwa kuongoza ndege kwa mikono zikiingia kwenye maegesho. Alikuwa akiishi Ngamiani, karibu na msikiti kiasi kwamba alfajiri hakuhitaji saa. Siku moja akaniambia kwamba siku hizi adhana ya alfajiri haisomwi tena kwa kipaza sauti. Nikanyamaza, kwa sababu adhana ile mimi nilikuwa naisikia kutoka mtaa wa pili. Yeye alidhani msikiti umebadilika, baadaye akadhani ni uzee, na hakuna hata siku moja aliyodhani kwamba ni kazi. Wataalamu wanaweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa anayefanya kazi saa nane kwa siku, na kipimo rahisi cha kuijua hali hiyo bila mashine ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo inakula masikio yako. Vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa haviponi wala havioti vingine. Kupoteza usikivu kwa kelele za kazini ni ugonjwa unaotokana na kazi, na ugonjwa unaotokana na kazi unafidiwa kama ajali inavyofidiwa. Rafiki yangu amestaafu bila kulijua hilo.

Sitakaa sana kwenye rafadha, ile feni ya mbele ya ndege, kwa kuwa hapo hakuna kidole cha kufunga kitambaa. Ikizunguka haionekani, na anayepita mbele yake akitazama simu hapati nafasi ya kujifunza. Wakata nyasi nao nawataja kwa sababu huwa wanasahauliwa: mtu akiumwa na nyoka pembeni mwa njia ya kurukia ndege, fyekeo likiwa mkononi, ameumia kazini sawasawa na rubani. Mlinzi aliyeteleza kwenye zege lililolowa mvua ya masika ameumia kazini. Dereva, mzima moto, mama wa kantini aliyeungua na mafuta, wote hao wameumia kazini.

Tuna msemo unaosema ajali haina kinga. Mniwie radhi wazee, msemo huu siupendi. Nimeusikia ukisemwa mara nyingi mno na mtu ambaye hakuumia.

Sasa twende kwenye haki. Mji wetu huu umezoea mashine zinazokula watu. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mwaka uleule ujenzi wa reli ukaanza hapa Tanga kuelekea Moshi. Wajerumani walioleta vyote viwili walikuwa na sheria ya bima ya ajali kazini kwao tangu mwaka 1884, lakini sheria hiyo haikupanda meli pamoja nao kwa ajili ya mkata mkonge. Baba yangu mdogo alipoteza vidole viwili kwenye korona, katika shamba moja upande wa Muheza, miaka ya mwisho ya tisini. Kwa wasioijua korona, ni ile mashine inayokwangua jani la mkonge libaki singa. Wakati huo iliyotumika ilikuwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1949, ambayo kiwango chake cha juu kabisa cha fidia ya ulemavu kiliishia shilingi 108,000, na mwajiri ndiye aliyetakiwa kuitoa. Shilingi ilishuka thamani mwaka baada ya mwaka, kiwango kikabaki palepale. Baba mdogo alipewa kiasi kilicho chini ya hapo, akahamishiwa kwenye kufagia banda, na nyumbani tukaambiwa tushukuru kwamba hakufukuzwa. Tukashukuru.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015, na malipo ya fidia yakaanza mwaka mmoja baadaye, Julai 2016. Naomba mnielewe kitu kilichobadilika, maana wengi wetu bado tunaishi kwa hofu ya baba yangu mdogo wakati sheria yake imeshazikwa. Zamani mwajiri alikuwa na sababu ya kuficha, kwa sababu kila kidole kilichokatika kilitoka mfukoni mwake. Leo mwajiri anachangia Mfuko kila mwezi, hata kama hakuna aliyeumia, na Mfuko ndio unaolipa. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021 na kufikia 0.5 tangu Julai 2022, sawa na sekta ya umma. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara umekatwa kwa ajili ya fidia, uliza, kwa sababu hairuhusiwi. Haya ninayoyasema ni ya Tanzania Bara. Wenzetu wa Pemba na Unguja, ambao ndege zetu huenda kwao kila siku, wana mpangilio wao.

Na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: fidia hii haianzi kwa kuuliza nani alikuwa mzembe. Huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alikosea, wala kosa dogo la kibinadamu ulilolifanya halikufungii mlango. Aliyejiumiza kwa makusudi, au aliyekuja zamu amelewa, huyo habari yake ni nyingine. Lakini wewe uliyeteleza kwa sababu ulikuwa unakimbia kuiwahi ndege, kukimbia kwako hakukunyimi haki.

Unapata nini? Unapata matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Aliyekuwa akipokea 600,000 atapata 420,000 kwa mwezi akiwa nyumbani anauguza jeraha. Jeraha likishapona hadi pale daktari anapoona kwamba hakuna kitakachoongezeka, ulemavu uliobaki unapimwa kwa asilimia: usipozidi 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Upo utengamao wa kumrudisha mtu kazini au kumfundisha kazi nyingine, yapo malipo ya mtu wa kumhudumia asiyejiweza, upo msaada wa mazishi, na wapo wategemezi, mjane au mgane na watoto, wanaolipwa mfanyakazi akifariki. Hakuna kati ya hayo linalokuja lenyewe kukugongea mlango.

Hapa ndipo ninapoomba msinisikilize kwa sikio moja.

Kwenye kile kiwanja kikubwa, kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na mkanda wa mizigo usiofunikwa. Usiku mmoja wa mvua nilikuwa nimesimama juu ya toroli kupokea mabegi, mguu ukateleza, nikaanguka kwa kiuno kwenye pembe ya chuma. Nilifanya nini? Nilifanya lile ambalo nusu yenu mngefanya: niliinuka, nikajipangusa, nikacheka kabla wengine hawajacheka, nikamalizia ndege. Nilimwambia msimamizi. Akanipa pole, akanipa vidonge viwili vya maumivu kutoka mfukoni mwake, na simlaumu sana kwa sababu naye alidhani amenitendea wema. Baada ya miezi mitatu sikuweza kurukuu. Nikaanza kuswali kwenye kiti, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, nyuma ya wazee. Nilipokwenda ofisini kueleza, waliniuliza maswali manne, tena kwa adabu kabisa: Ilikuwa tarehe ngapi? Nani aliona? Ulimwambia nani? Ulitibiwa wapi? Tarehe nilikuwa naikisia. Aliyeona alikuwa kibarua, hata jina lake la pili silijui. Niliyemwambia alikuwa amehamia mkoa mwingine. Niliwatolea karatasi ya zahanati, na juu yake daktari alikuwa ameandika maneno matatu tu: maumivu ya mgongo. Hakuandika kuanguka. Hakuandika kazini. Angeandikaje, wakati mimi sikumwambia?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikufa, lakini niliumbuka mbele ya dawati lile, na nilitoka bila kitu.

Miaka kadhaa baadaye, Mfuko ukiwa umeshaanza, kijana mmoja tuliyekuwa naye zamu alibanwa na mlango wa sehemu ya mizigo, kidole cha shahada kikasagika. Kabla hajapelekwa hospitali, na damu bado iko sakafuni, mwenzake alipiga picha ya mlango, akaandika kwenye daftari la matukio saa, mahali, namba ya ndege na majina ya watatu walioona, akampa mkuu wa zamu aweke sahihi. Kule hospitali kijana alisema neno moja alilofundishwa, "nimeumia kazini," na daktari akaliandika. Mwajiri akapeleka taarifa. Yule kijana alilipwa kwa miezi aliyokaa nyumbani, kidole kikapimwa, akalipwa kwa asilimia iliyobaki. Mgongo wangu na kidole chake, kipi kilikuwa kikubwa? Mgongo. Kipi kililipwa? Kidole. Tofauti yetu ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari.

Kwa hiyo ukiumia, sema siku hiyohiyo, na hata kama umesema kwa mdomo, andika. Mwajiri akishapata taarifa ya ajali ana siku saba za kuifikisha kwenye Mfuko, na dai lenyewe lisikae hadi miezi 12 ikapita. Siku hizo saba haziwezi kuanza kuhesabiwa kama hujamwambia mtu. Ukifika hospitali ya Bombo, au zahanati yoyote ya mtaani kwako, kuanzia Makorora hadi Pongwe, mweleze daktari umeumia wapi na ukifanya nini, na usione haya kumwomba aliandike. Tena usitibu jeraha la kazini kimyakimya kwa kadi yako ya bima kana kwamba umejikwaa kwenye ngazi za nyumbani. Tunaona tumerahisisha mambo, kumbe tumeihamisha ajali kutoka uwanjani tukaipeleka chumbani kwetu.

Kuna watu hapa wanajisemea kimoyomoyo kwamba haya ni ya walioajiriwa moja kwa moja. Wafagiaji, walinzi, wapakiaji wa zamu za msimu, mmeletwa na wakandarasi, na wengine mmesaini mkataba wa kazi maalumu wa miezi mitatu. Mkataba wa kazi maalumu ni mkataba unaotambuliwa na sheria ya ajira ya mwaka 2004. Mwajiri wako ni yule anayekulipa, na yeye ndiye anayepaswa kuwa amejisajili na kuchangia, awe na wafanyakazi mia tatu au watano. Muulizeni. Muulizeni kwa heshima, mkiwa wengi, kabla hajaumia mtu, kwa sababu swali hilo likiulizwa na mtu aliyefungwa bandeji linasikika kama ugomvi.

Nanyi wasimamizi na wakuu wa zamu mliokaa mstari wa mbele, nawaheshimu, na nimekuwa mmoja wenu. Najua hofu yenu: ukiandika ajali, kesho utaulizwa kwa nini imetokea kwenye zamu yako. Ni kweli utaulizwa. Lakini mlango ule uliosaga kidole cha kijana ulibadilishwa bawaba juma lililofuata kwa sababu uliandikwa, na ule mkanda ulioniangusha mimi uliendelea bila paa kwa misimu miwili ya masika, na watu wengine wawili ninaowajua waliteleza palepale. Nao pia hawakuandika. Mkaguzi wa usalama wa mahali pa kazi akija, anafungua daftari, anakuta kurasa nyeupe, anaondoka akiamini kwamba uwanja wetu ni pepo. Viziba masikio navyo msivifungie kabatini mkisubiri wageni. Nimeona rifleksta mpya zikitolewa asubuhi ya ugeni na kurudishwa jioni, na sisi tukazivua tukakabidhi kama nguo za harusi za kuazima.

Kina mama mliokuja na waume zenu, na kina baba mliosindikiza wake zenu, nina ombi dogo kwenu. Mwenzako akirudi zamu amekaa upande mmoja, au akikuomba umfungulie chupa ya maji ambayo jana aliifungua mwenyewe, muulize. Akikwambia ni uchovu tu, muulize tena. Mke wangu aliuliza mara moja, nikamjibu kwa ukali, hakuuliza tena, na hilo ni kosa langu.

Sasa yule dada. Leo ni siku ya kumi na mbili. Amechelewa, lakini hajakosa, na mwajiri wake bado hajaambiwa rasmi hata neno moja. Daftari nimekuja nalo, lipo juu ya meza hii pamoja na kalamu mbili. Nahitaji majina ya waliokuwa zamu naye jioni ile, na najua wawili kati yenu mpo ukumbini kwa sababu ameshaniambia. Msimamizi wake naye nimemwona, amekaa karibu na dirisha, na ni mtu mwema. Naomba mje mbele wote watatu kabla chai haijaletwa. Dada, njoo ukae hapa kwenye kiti. Tuanze na saa: ilikuwa saa ngapi?